Nane Kati ya Kumi Wanataka Ndizi

Temeke, Dar es Salaam
14 Oktoba 1951

Kaka Ansbert,

Shikamoo. Ukishaipokea hiyo, mkatie kipande shemeji Benedicta, maana bila chakula chake usingekuwa na nguvu ya kuitikia. Mie mzima kabisa. Ningeandika kwamba nawakumbuka usiku na mchana kama waandikavyo wengine, lakini mchana nina kazi na usiku nalala, kwa hiyo nawakumbuka jioni, na jioni za huku ni fupi. Projestus, yule jirani yetu wa kule nyumbani, naye yupo. Anabeba mizigo bandarini, na miaka miwili ya mjini haijamtoa mwendo wa mtu anayevuka tope. Anawasalimu.

Sasa keti vizuri. Mdogo wako ni karani wa serikali. Wewe uliyesema, siku ile nilipofukuzwa shule, "Didas ataishia kuchunga mbuzi wa watu," kawaulize mbuzi kama mchungaji wao anavaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi.

Ofisi yetu ni ya hesabu. Serikali inataka kujua watu wa pembezoni mwa mji, Temeke na Kinondoni na huko porini Ubungo, wanaishije: chumba kimoja wanalala wangapi, maji wanachota wapi, wanakula nini. Lakini hawaulizi nyumba zote! Wanauliza chache tu, kisha wanasema habari za zote. Na Mzungu wetu mkubwa, mtu mwenye mvi na shahada, ukimwuliza chumba cha Temeke kinalaza watu wangapi hajibu kama mwanamume. Anasema, "Kati ya wawili na nusu na watatu na robo." Nusu ya mtu, kaka! Robo! Tumempa jina la Bwana Kati-ya. Amesoma mpaka nywele zimekata tamaa, na namba moja imemshinda.

Mie sina ugonjwa huo. Uliniuliza katika barua ya Agosti: ukiuza kibanja cha baba, migomba na kahawa na nyumba, ukaja kufungua hoteli ya ndizi za kupika hapa Temeke, watu watakula? Ofisi yetu ingekalia swali hilo miezi sita. Mie nimelimaliza Jumapili moja. Nimewauliza watu thelathini wa Temeke: "Ikifunguliwa hoteli ya ndizi, ndizi kweli, zilizopikwa na maharage zikafunikwa majani, utakuja?" Ishirini na nne wamesema watakuja, na wawili kati yao walitaka kujua kama ni leo.

Hiyo ni nane kati ya kumi. Siyo kati ya hiki na kile. Nane. Temeke ina nyumba kiasi cha elfu mbili. Piga hesabu mwenyewe, mwalimu, au waachie watoto wa darasa la tatu wakusaidie.

Uza, kaka. Njoo na sufuria.

Mdogo wako mwenye kaptula,
Didas


Kanyigo, Bukoba
20 Novemba 1951

Mdogo wangu Didas,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na doa la mchuzi upande wa nyuma na makosa upande wa mbele, ambayo nimeyasahihisha kwa wino mwekundu na kuyaweka akiba mpaka utakapokuja. Sisi ni wazima. Mvua ni nzuri. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Benedicta anasema ana sauti kama yako na adabu kukuzidi. Anakusalimu.

Kuhusu kibanja, nataka uelewe unachezea nini. Pale amelala babu. Pale amelala baba. Na tangu mwaka jana amelala Sesilia wetu, nyuma ya jiko, mahali ambapo mama yake alitaka awe. Kibanja cha ukoo hakipelekwi gulioni kama jogoo. Sadallah, mfanyabiashara wa kahawa wa mjini, yuko tayari kukinunua. Wazee wa ukoo wamekubali kwa mdomo mmoja na kukataa kwa mwingine. Sharti lao ni niwaonyeshe barazani kwamba naifuata riziki na siufuati upumbavu. Kikishatoka mkononi hakirudi.

Benedicta hataki. Anasema mtoto mdogo haachwi peke yake. Mimi napita mahali pale asubuhi nikienda shuleni na jioni nikirudi, na inatosha. Sababu zangu nyingine hazikuhusu.

Kwa hiyo nijibu kama mtu mzima, ikiwa umejiwekea akiba ya utu uzima mahali popote. Watu thelathini ni wachache kwa mji. Hao thelathini ni akina nani? Uliwapataje? Na hiyo nane kati ya kumi yako, ikikosea, inaweza kukosea kwa kiasi gani? Mwanafunzi anayeniletea jibu bila njia namrudisha kwenye dawati, na wewe nilikurudisha mara nyingi kuliko wote.

Kaka yako,
Ansbert


Temeke, Dar es Salaam
13 Januari 1952

Mwalimu Wino Mwekundu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya, ingawa najua wewe unautumia mwaka mpya kwa kasoro za zamani. Shemeji Benedicta mpe salaam zake kwanza kabla hujaendelea kusoma, maana ukishafika katikati utasahau kwa wivu. Krismasi ilikuwa njema. Projestus amenunua miwani ya jua. Zamani alikuwa anajikwaa usiku tu, sasa na mchana pia.

Umeniuliza hesabu yangu inaweza kukosea kwa kiasi gani. Kwanza nilicheka. Halafu nikakumbuka kwamba ofisini kuna mtu anayelipwa mshahara kwa swali hilo hilo. Huyo ni Marselino, karani mkuu, mtu wa Ndanda, mwenye kichwa kikubwa na shingo isiyokubaliana nacho. Mie ananiita "nshomile wa darasa la sita". Ndivyo wanavyotutania huku sie watu wa Bukoba, eti tunajiona tumesoma. Nampuuza. Lakini kitu anakijua, na nimekichukua.

Sikia jinsi wanavyofanya kazi. Kila nyumba ina namba kwa chaki mlangoni. Namba zote zinaandikwa kwenye vikadi, vikadi vinatiwa ndani ya debe la mafuta ya taa, debe linatikiswa, unafumba macho, unachota. Nyumba uliyochota ndiyo utakayokwenda. Huchagui. Wiki ya kwanza nikachota nyumba yenye mbwa, mbwa mwenyewe kama ndama mwenye chuki. Nikapita pembeni, nikaingia kwa bibi jirani, akanipa togwa, nikamwuliza yeye, nikaandika, nikaondoka. Nani angejua? Marselino alijua. Alinifuata kwa baisikeli.

"Nyumba ya kwenye kadi ina mlango wa buluu," akasema. "Wewe umetoka kwenye mlango usio na rangi."

"Ya mlango wa buluu ina mbwa, bwana mkubwa."

"Na mwenye mbwa hali? Hanywi maji?"

"Anakula. Lakini jirani yake si ni yule yule tu?"

"Angekuwa yule yule angekuwa na mbwa. Rudi."

Nikarudi. Yule mbwa... tuyaache hayo. Kaptula inashoneka.

Sasa hiyo habari ya kati ya hiki na kile. Bwana Kati-ya nilimdharau, na bado namdharau kwa kofia yake, lakini hapo si mjinga. Mfano ni huu, na usiuibe ukawafundishia watoto bila kutaja jina langu. Kuku yupo uani, giza limeingia, humwoni. Unatupa tenga. Huwezi kusema kuku yuko hapa kwenye kidole changu. Unasema yuko ndani ya tenga hili. Mtu anayekutajia kidole ni mwongo. Tenga likiwa pana, hakika ya kumfunika inakuwa kubwa, lakini hujui yuko pembe ipi. Likiwa jembamba unajua zaidi, ila anaweza kukuponyoka. Na tenga jembamba lina gharama: ukitaka lipungue nusu, usiulize watu mara mbili, uliza mara nne. Hiyo ndiyo inayomaliza soli za makarani.

Na hata hivyo hatuapi. Tenga letu limesukwa hivi kwamba kazi hiyo hiyo ukiirudia mara mia, kila mara ukitikisa debe upya, mara tisini na tano utamfunika kuku na mara tano utafunika vumbi. Lako ni lipi, la kuku au la vumbi? Hujui. Unakaa juu yake na kutumaini.

Basi nikasuka la kwangu. Marselino alinionyesha njia, mie nikaimaliza kwa kasi iliyomchukiza. Unachukua sehemu ya wanaotaka, unazidisha kwa sehemu ya wasiotaka, unagawanya kwa watu uliowauliza, unatafuta namba ambayo ikijizidisha yenyewe inakupa hiyo, unaifanya mara mbili. Nimepata kumi na tano kila upande. Kwa hiyo wanaotaka ndizi Temeke ni kati ya sitini na tano na tisini na tano katika kila mia.

Umeona? Hata chini kabisa, hata bahati ikiwa imeamka vibaya, ni sitini na tano! Wape wazee wa ukoo hiyo. Waambie imesukwa na nshomile.

Umeniuliza pia ni akina nani. Ni watu wa Temeke, kaka. Wana midomo na matumbo. Unataka na majina ya mama zao?

Wako asiye na mbwa,
Didas


Kanyigo, Bukoba
24 Februari 1952

Didas,

Marahaba. Sisi ni wazima.

Mfano wako wa tenga ni wa jikoni lakini unashika. Nimeujaribu mwenyewe kwa maharage ya rangi mbili, nikawaacha watoto wachote bila kutazama, na umefanya kazi mara nyingi kuliko nilivyotarajia kwa kitu kilichotoka kwako. Sitini na tano, hata kwa ubaya wake, inatosha hoteli moja. Nimewasomea wazee. Mmoja alisinzia, wengine wametikisa kichwa kwa namna ya kukubali.

Nimempa Sadallah neno langu. Tutakutana barazani Jumamosi tarehe 26 Aprili, wiki mbili baada ya Pasaka, tuweke sahihi mbele ya wazee. Nikitia sahihi, Mei nitakuwa njiani. Nitafutie chumba kisicho na kunguni wala wewe.

Benedicta yuko kwao kwa muda. Mama yake haoni vizuri siku hizi, anahitaji mtu wa kumsaidia. Nyumba ni kimya, na inafaa kwa kusahihisha madaftari.

Hukunijibu ni akina nani. Nadhani ni uvivu wako wa kawaida.

Kaka yako,
Ansbert


Temeke, Dar es Salaam
16 Aprili 1952

Kaka,

Shikamoo ya mbio. Barua hii inakuja mkononi mwa Projestus, anayepanda treni kesho kwenda nyumbani kuoa. Nimempa maandazi ya safari nzima ili asishuke Tabora kutafuta chakula akaachwa. Nimemwambia: baraza ni Jumamosi tarehe ishirini na sita, ukifika Jumapili usinijue tena. Miwani nimemnyang'anya.

Usiuze.

Sasa nitakwambia kwa nini, na usinikatize kwa kalamu yako. Mwanzoni mwa Machi nilikwenda mezani kwa Marselino kujisifu. Nikamwonyesha tenga langu, sitini na tano mpaka tisini na tano. Akalitazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi.

"Kuzidisha umezidisha," akasema. "Hao thelathini walitoka kwenye debe?"

"Walitoka kanisani."

"Kanisani wapi?"

"Mlango wa kutokea. Baada ya misa ya pili."

"Watu wote waliotoka?"

"Waliosimama kunisalimu."

"Na akina nani wanaosimama kukusalimu wewe?"

Hapo ndipo nilipoanza kusikia joto. Unajua sie watu wa kwetu misa ikiisha hatuendi nyumbani. Tunasimama pale mlangoni tunaulizana habari za ng'ombe, za migomba, za nani amekufa na nani ameoa, mpaka padri anafunga mlango kwa hasira. Wengine wote, Wazaramo, Wandengereko, Wamakonde, waliokuwa majumbani mwao siku ile, na wale wa msikitini, na hata Wakristo wa kusini waliopita haraka kuwahi wali wao, sikuwauliza hata mmoja.

"Watu wa Bukoba," nikasema.

Marselino akaweka kalamu chini taratibu. "Nshomile," akasema, "umewauliza watu wa ndizi kama wanapenda ndizi. Na sita bado wamekataa! Hao sita ndio ningependa kuwajua."

Akaiambia ofisi nzima. Wamecheka siku tatu. Bwana Kati-ya alitafsiriwa, naye akatoa sauti iliyokuwa kati ya cheko na kikohozi. Wajinga. Lakini elewa, kaka: hesabu yangu haikukosea. Tenga nililisuka vizuri kabisa. Nililitupa uani kwa jirani. Na tenga la namna hiyo hata ungeuliza watu elfu, ukalifanya jembamba kama kikombe, kuku hayumo. Hiyo tisini na tano kati ya mia ni ahadi ya debe. Mlango wa kanisa haukuahidi kitu. Uliniuliza mara mbili ni akina nani, nami nikakujibu upuuzi. Tuendelee.

Nikafanya kazi ya kweli. Nyumba zangu za debe hapa Temeke kwa mwezi huo zilibaki mia na hamsini. Kila nyumba, maswali ya serikali yakiisha, nikaongeza langu la hoteli. Nimekwenda kwenye milango yote, ya mbwa, ya walevi, ya makuli wanaorudi jua limezama. Nikabisha hodi kwa bibi mmoja wa Kizaramo nikamwuliza angekula ndizi za kupika hotelini. Akanitazama kwa huruma.

"Ndizi? Kwani nani mgonjwa?"

Mwanawe akadakia kutoka ndani, "Mama, mwache, ni Mhaya. Wanazilaga hivyo kwao, hata wakiwa wazima."

Mwingine akaniambia ndizi ni ya kumnyamazishia mtoto mpaka wali uive. Wanajiona, watu hawa wa muhogo! Katika nyumba mia na hamsini, kumi na nane tu ndizo zilizosema watakuja. Hiyo ni kumi na mbili katika mia, na tenga lake ni kati ya saba na kumi na saba. Liweke kando ya lile la kwanza, sitini na tano mpaka tisini na tano: hayagusani hata ukingo. Moja linasema habari za Temeke, lingine linasema habari za marafiki zangu.

Marselino alipogundua swali langu limepanda ndani ya kazi ya serikali bila nauli, amenihamishia Kipawa kwa mwezi mzima, kwa miguu. Nimekwenda. Huko nako wanakula wali.

Kwa hiyo hata bahati ikikupenda kuliko inavyompenda mtu yeyote, ni nyumba kumi na saba katika mia. Wape wazee hiyo uone kama atasinzia mtu. Na wale wa mlango wa kanisa hawakudanganya. Wana njaa ya ndizi kweli, ila hao ni wa sufuria moja Jumapili, si wa hoteli. Sufuria hiyo nitaiweka mie, na haihitaji kibanja cha mtu.

Neno la mwisho, kisha Projestus ana usingizi. Umeniandikia kwamba mama mkwe wako haoni vizuri. Mie nilimwona mwaka juzi akichambua choroko kwa mwanga wa kibatari. Shemeji amekwenda kwao kwa sababu unauza mahali alipolala Sesilia, na mimi ndiye niliyekupa namba ya kuuzia. Habari za mtoto sijui kuziandika, na hakuna hesabu inayozisemea. Lakini kama kinachokuondoa ni ile njia ya shuleni, asubuhi na jioni, basi sema ni hiyo. Sema mbele ya wazee, sema mbele yake. Usinisimamishe mie na ndizi zangu mlangoni kama ngao, eti unaifuata riziki. Riziki haipo huku. Nimeitafuta kwa debe.

Didas


Kanyigo, Bukoba
11 Mei 1952

Mdogo wangu Didas,

Marahaba. Projestus alifika Jumamosi ile yenyewe, wakati baraza limekwisha kukaa. Alikuwa akiita jina langu kutoka barabarani kama mtu anayeuza dagaa, na alianguka kwenye mfereji mbele ya wazee, kwa hiyo miwani haikuwa na hatia. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama. Sadallah aliniuliza, "Mwalimu, kuna msiba?" Nikamjibu, "Hapana, kuna hesabu." Nikawasomea wazee yote, ya kanisani na ya debe, ila ukurasa wa mwisho sikuwasomea. Wamecheka mpaka yule anayesinziaga akaamka. Sadallah aliikubali habari kwa uungwana kukuzidi wewe, akanywa kahawa yake, akaondoka.

Usijisifu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiri vinginevyo.

Nitakuwa mkweli kuhusu jambo moja tu, kisha hutanitaja tena. Nilikupa swali, ukalijibu, nami nikalipenda jibu, na ndiyo maana sikukubana uniambie ni akina nani. Mwalimu anayekubali jibu kwa sababu linamfaa astahili dawati. Nimekaa kwenye dawati hilo wiki moja.

Kisha nilikwenda ukweni na kibuyu cha pombe ya rubisi, kama inavyompasa mtu mwenye kosa. Mama mkwe alinitambua nikiwa bado ng'ambo ya bonde. Macho yake ni mazima. Baba mkwe alikunywa kibuyu chote kabla ya kuniuliza nimefuata nini. Ukurasa wako wa mwisho nilimsomea Benedicta peke yake. Nilipomaliza alikwenda kufunga mzigo wake.

Siku hizi asubuhi anatoka nami mpaka nyuma ya jiko, tunasimama kidogo, kisha mimi naendelea shuleni. Njia imekuwa fupi kidogo.

Anakusalimu. Ananituma nikuulize kama utakuja Krismasi. Hataki umtajie siku, kwa kuwa katika maisha yako hujafika siku uliyosema hata mara moja. Anataka umwambie kati ya lini na lini, ajue atakata mkungu gani.

Barua yako ilikuwa na makosa mengi. Sikuyasahihisha.

Kaka yako,
Ansbert


Temeke, Dar es Salaam
9 Juni 1952

Kaka Ansbert na shemeji Benedicta, kwa pamoja, kwa kuwa sasa mnasoma kwa pamoja,

Shikamooni. Mie mzima, na nimerudishwa kutoka Kipawa, kwa kuwa Marselino hana mtu mwingine wa kumdharau kwa raha. Sufuria ya mlango wa kanisa inachemka. Anayepika ni Auleria, mjane wa kwetu mwenye mkono mzuri na mdomo mbaya; mie nauza maneno. Kwa Jumapili nane, wastani ni sahani thelathini na moja, tenga lake kati ya ishirini na sita na thelathini na sita. Jana Marselino naye alikuja. Alikula tatu, akasema ni chakula cha wagonjwa, akaomba ya nne.

Shemeji, jibu lako: kati ya tarehe kumi na nane na ishirini na saba Desemba. Nimesuka kwa uangalifu, nimetia ndani treni, meli, Tabora, na tabia yangu. Kata mkungu mkubwa utakaokuwapo upande wa jiko, tule tukiwa karibu na Sesilia.

Na nisipoonekana kati ya siku hizo, msinilaani. Hiyo itakuwa moja ya zile mara tano.

Nshomile wenu,
Didas